Gari imezimwa lakini betri inaliwa: soma hapa wewe uliyeachiwa ufunguo

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo. Nataka kuongea na vijana mlioachiwa ufunguo wa gari ya mtu.

Mnajua ilivyo hapa kwetu Ziwani na vijiji vingine vya mwambao huu, mpaka kule mto Ruvuma unakoingilia baharini. Mjomba au kaka mkubwa anapata pesa ya korosho, anashusha Altezza au Subaru yenye mngurumo wa kuamsha mtaa. Anaifuta kila asubuhi. Baada ya muda anaitwa kazini Dar, au anavuka Msumbiji, au msimu unakata na pesa ya mafuta hakuna. Gari inabaki chini ya mwembe wiki tatu, nne, sita. Ufunguo anaachiwa kijana wa nyumbani na agizo moja tu: "Iangalie, ila usiiendeshe."

Mwenyewe akirudi anabonyeza rimoti, kimya. Anaingia na ufunguo, anapiga stata, inalia tik tik tik halafu basi. Hapo kesi inaanza. "Ulikuwa unakaa humu na wenzako mnasikiliza muziki!" Kijana anaapa, haaminiwi.

Mimi nasema mara nyingi kijana hana kosa. Gari yenyewe ndiyo imekula betri ikiwa imesimama, na ukijua hesabu yake unaweza kumwonyesha mjomba kwa namba. Tena unaweza kuizuia kabla haijatokea kwa spana moja tu.

KWANI GARI IKIZIMWA SI INAZIMIKA?

Hapana. Angalia hiyo kompyuta unayosomea hapo kafe. Ukizima skrini utadhani mashine imelala, kumbe boksi chini ya meza linaendelea kunguruma. Gari ni hivyo hivyo. Ukichomoa ufunguo injini inazimika, lakini kuna vitu vinabaki macho: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, kipokezi kinachosubiri rimoti yako, na king'ora. Kila kimoja kinanyonya umeme kidogo sana, lakini hakilali usiku wala mchana.

Umeme huo mdogo unapimwa kwa miliampea. Gari nzima iliyo salama, ikishatulia, huwa inakula kama miliampea 20 mpaka 50. Betri nayo ina ujazo wake, unaandikwa Ah, yaani ampea kwa saa. Betri ile ya NS60 inayofungwa kwenye gari ndogo nyingi ina kama Ah 45.

Sasa piga hesabu. Miliampea 50 ni ampea 0.05. Zidisha kwa saa 24, unapata Ah 1.2 kwa siku. Kwa siku 30 ni Ah 36. Kati ya 45 ulizoanza nazo, zimebaki 9. Hapo stata haizunguki, na hakuna mtu aliyegusa redio. Na hiyo ni betri mpya iliyojaa. Kama ilishachoka, na ilikuwa imejaa nusu tu siku gari inaegeshwa, wiki mbili zinatosha kuimaliza.

Taa ya ndani ndiyo mwizi mkubwa zaidi. Balbu ya kizamani ya wati 5 inakula karibu ampea 0.4, sawa na Ah 10 kwa siku. Mlango usipobana vizuri, au taa ya buti ikibaki inawaka, betri hiyo haifiki siku ya tano.

KWA NINI GARI ZA SPOTI ZINAUMIA ZAIDI

Si kwamba Wajapani walizitengeneza vibaya. Toyota Altezza ilitoka mwaka 1998 na ikachukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko Japani. Tatizo ni maisha yake. Gari ya spoti inatembezwa mara chache kuliko pikapu ya kazi, kwa hiyo alternata haipati nafasi ya kurudisha kilicholiwa. Halafu sisi vijana hatuziachi zilivyo. Tunafunga king'ora cha pili, amplifaya, spika za buti, taa za rangi, redio yenye skrini kubwa, na kifaa cha kufuatilia gari kwa simu. Kila fundi anaunga waya wake pale anapoona panafaa, na wengine wanaunga moja kwa moja kwenye betri ili kitu kiwe na umeme muda wote.

Kuna Altezza moja hapa jirani ilimaliza betri ya Ah 45 ndani ya wiki tatu, na mpwa wa mwenye gari akalaumiwa kweli kweli. Nikaomba nipime. Mita ilisoma miliampea 90. Tulipochomoa fyuzi ya king'ora na ya amplifaya, ikashuka mpaka 30. Maana yake vitu viwili vilivyoongezwa na fundi vilikuwa vinakula mara mbili ya gari yenyewe. Kwa miliampea 90 unapoteza Ah 2.16 kwa siku, na ukigawa 45 kwa hiyo unapata siku 21 hivi. Namba zilimtetea dogo kuliko viapo vyake vyote.

Wenye pesa duniani nao wana tatizo hili hili. Ferrari na Porsche wana chaja maalumu za kutunza betri, mwenye gari anaichomeka ukutani kila anapoegesha. Na wenye Prius au Aqua msicheke. Pamoja na lile betri kubwa, gari hizo zina betri ndogo ya volti 12, na ikiisha hiyo gari haiamki hata kama kubwa imejaa.

HASARA SI KUSUKUMA GARI TU

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo kanuni ni ile ile. Umeme unapotoka, sahani za ndani zinapata utando wa salfeti ya risasi. Ukichaji mapema utando unayeyuka. Ukiiacha betri tupu kwa wiki nyingi utando unakuwa fuwele ngumu zisizorudi tena. Kwa hiyo betri iliyolala mwezi mzima ikiwa tupu, hata ukiichaji usiku kucha, haitakuwa ile ya mwanzo. Joto letu la pwani linaharakisha uchakavu huo, na chumvi ya baharini inakula vichwa vya waya.

Halafu kuna la usiku. Mitaa mingi ya huku gari iliyoegeshwa ndiyo tegemeo mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku na anatakiwa afikishwe Ligula. Mama mjamzito hawezi kusubiri mtu atafute waya wa kuboosti. Gari yenye mafuta, dereva yupo, ufunguo upo, ila betri imekufa: hiyo ni sawa na hakuna gari.

Na usiseme "narudi baada ya siku kumi." Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara maeneo ya Somanga kule Kilwa, watu waliokuwa Dar walikwama huko na gari zao zimebaki huku. Siku kumi zako zinaweza kuwa ishirini.

SASA TUFANYE NINI?

1. Pima kabla ya kuegesha. Nunua au azima mita ya umeme, ile ndogo ya mafundi redio. Gari ikiwa imezimwa saa kadhaa, weka waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, usome volti. Ikiwa 12.6 au zaidi, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki robo. Chini ya 11.9 hesabu imeisha. Ikiwa chini ya 12.4 ichaji kwanza, maana betri isiyojaa ikiegeshwa ndiyo inayokufa haraka.

2. Ondoa waya wa hasi. Hii ndiyo dawa kuu na haina gharama. Kwa gari nyingi za Japani ni spana namba 10. Legeza nati ya kichwa cha hasi, chenye alama ya kutoa, kiinue, kifunge kitambaa kikavu, kisukume pembeni kisije kikarudi. Kwa nini hasi na siyo chanya? Kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bati, unapata cheche kubwa na unaweza kuungua. Ukiwa umeondoa zote mbili, wakati wa kurudisha anza na chanya, malizia na hasi.

Betri iliyojaa ikiondolewa hasi inabaki kupoteza chaji yake ya asili tu, kidogo kidogo kwa mwezi. Wiki sita inazivumilia kama ilikuwa nzima. Na ikitokea dharura usiku, kurudisha waya ni dakika mbili, mradi spana iko ndani ya gari na wewe unajua ilipo.

Ila kabla ya kuondoa hasi, uliza mambo matatu:

Moja, redio. Redio nyingi za Toyota zilizokuja na gari kutoka Japani zikikatiwa umeme zinajifunga. Ukirudisha waya inaandika ERC na kudai namba ya siri, au inadai kadi ya ramani ambayo haikuja na gari. Gari inawaka vizuri lakini redio imekuwa pambo. Kama ni redio ya aina hiyo, mwenye gari aamue mwenyewe.

Mbili, ulinzi. Ukikata hasi, king'ora kinanyamaza, na kifaa cha kufuatilia gari kinazimika kikimaliza betri yake ya ndani kama kinayo. Pale pasipo na geti wala mlinzi, hilo si jambo dogo.

Tatu, betri iko wapi. Mazda Roadster za zamani, kwa mfano, betri yake iko kwenye buti, na gari nyingine za Ulaya ni hivyo hivyo. Kama buti linafunguka kwa umeme tu na ukalifunga ukiwa umekata hasi, umejifungia nje. Hakikisha kuna tundu la ufunguo wa kawaida na ufunguo unaingia.

Usishangae pia ukirudisha umeme injini ikawa inasita kidogo au kioo kisipande chenyewe. Kompyuta imesahau mazoea yake. Ukiendesha kidogo hutulia, na vioo huwa na utaratibu wake wa kuvifundisha upya.

3. Chomoa fyuzi badala ya waya. Kama redio inakatazwa kukatiwa umeme, basi ondoa fyuzi za vile vitu vya kuongeza: amplifaya, taa za rangi, king'ora cha pili. Kumjua mwizi, weka mita upande wa ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake, ukianza na kipimo cha ampea 10. Funga milango, subiri nusu saa au zaidi kompyuta zilale. Ukisha unganisha mita hivyo usipige stata, utaiunguza. Kisha chomoa fyuzi moja moja ukiangalia namba. Ile ikichomolewa namba ikaporomoka, umempata.

4. Tumia jua. Hapa kwetu jua hatununui. Paneli ndogo ya wati 10 ikikaa juani inaweza kurudisha Ah 2 au zaidi kwa siku, na gari ya kawaida inakula 1.2. Hapo unaendelea kuwa na king'ora na redio haijifungi. Ukiiweka nyuma ya kioo itatoa pungufu, na chini ya mwembe haitoi kitu. Pitisha umeme kwenye kidhibiti chaji, kile kile cha sola za nyumbani, unganisha betri kwanza ndiyo paneli ifuate, na weka fyuzi karibu na betri. Usitegemee tundu la kuwashia sigara, maana kwenye gari nyingi linakufa ukichomoa ufunguo. Na usichukue paneli kubwa ya nyumbani ukaiunga moja kwa moja bila kidhibiti, utachemsha betri.

5. Chaja ya ukutani, lakini ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Chaja za kawaida za vibanda vya betri hazijui kusimama. Ukiiacha siku tatu inakausha maji na kutoa hewa ya hidrojeni, ambayo inalipuka ikikutana na cheche au sigara. Chajia mahali penye hewa. Kama betri ni ya kuongeza maji, ongeza maji safi ya betri, siyo ya kisima na siyo asidi.

6. Safisha vichwa. Ule unga mweupe au wa kijani ni kutu ya asidi na chumvi. Ukiwa umekata hasi, safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, funga, kisha paka grisi au mafuta mazito ya kujipaka.

MAMBO YA KIJIWENI YASIYOSAIDIA

"Washa dakika tano kila asubuhi." Hii ndiyo ushauri maarufu na ndiyo unaoua betri polepole. Stata inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na injini ikiwa sailensa dakika tano alternata hairudishi vya kutosha, hasa feni na taa zikiwa zimewaka. Tena mvuke unabaki kwenye bomba la moshi na kulitia kutu. Kama umeruhusiwa kuwasha, basi gari itembee nusu saa mpaka saa nzima barabarani. La sivyo iache.

"Usiweke betri kwenye sakafu ya saruji, itaisha." Maneno haya ni ya enzi za makasha ya zamani. Kasha la plastiki la leo halipitishi umeme kwenda sakafuni.

"Tutawasha kwa betri ya jirani, halafu tubadilishe injini ikiwa inanguruma." Jamani, HAPANA. Ukichomoa betri injini ikiwaka, volti za alternata zinaweza kuruka juu ghafla na kuunguza kompyuta ya gari. Umeokoa dakika kumi, umenunua kontroli boksi.

IKISHAKUFA JE?

Tumia waya wa kuboosti. Chanya ya betri iliyokufa kwa chanya ya betri nzima. Kisha hasi ya betri nzima uipeleke kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri yenyewe, ili cheche isikutane na ile hewa niliyosema. Washa gari nzima, subiri dakika kadhaa, ndiyo upige stata. Kusukuma ni kwa gari ya gia za mkono tu. Automatiki mtasukuma mpaka Mikindani haitawaka. Ikiwaka, usidhani imepona. Ipeleke ikachajiwe kikamilifu.

Na betri iliyokufa kabisa msiichezee. Kwenye jamii za wavuvi risasi ya betri hupendwa kwa kutengenezea chubwi za nyavu, lakini moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu mtaa mzima kabla ya kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu, ambayo iliwapa ushindi Desemba 2024. Pesa hiyo haitoi risasi kwenye damu ya mtoto. Rudisha betri kwa wauzaji wanaonunua mbovu, ikiwa nzima, asidi yake ndani.

Kwa hiyo wewe uliyeachiwa ufunguo, kabla mjomba hajapanda basi mwambie: "Shikamoo mjomba, tupime volti pamoja, niondoe hasi au niache, na redio ikikatiwa umeme inajifunga?" Andikeni ile volti kwenye karatasi na tarehe yake, iwekeni kwenye dashibodi. Akirudi mpime tena mbele yake.

Mafundi umeme mliomo humu, kama mna gari mlizopima na zikala zaidi ya hapo, wekeni namba zenu hapo chini tujifunze. Kazi kwenu.